Namna ya kumuuguza ndugu anayeacha methamfetamini: linda wiki ya pili kuliko ya kwanza

Mdogo wangu alikuwa utingo wa malori yanayopanda kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, na alianza kutumia methamfetamini kwa sababu ilimwezesha kukesha njia nzima bila kusinzia. Aliporudi nyumbani Uyole, Mbeya, na kusema kwamba amechoka, anataka kuacha, tulijiandaa kwa yale tuliyokuwa tumeyasikia kuhusu arosto ya unga, yaani mateso ya mwili anayeacha heroini: kutapika, kuharisha, mifupa kuuma na jasho la usiku kucha. Tuliweka ndoo kando ya kitanda na tukaazima mablanketi kwa majirani. Hakutapika hata mara moja. Alilala tu, na alipoamka siku ya tatu akaomba chakula, tulishukuru, tukarudi kila mtu kwenye shughuli zake. Siku ya kumi ndipo alipomwambia mama kwamba haoni sababu ya kuendelea kuishi, na ndipo tulipotambua kwamba tulikuwa tumelinda siku nyepesi na kuziacha peke yake siku nzito. Naandika kwa ajili ya familia nyingine za huku kwetu, ili zisirudie kosa hilo.

Arosto ya methamfetamini haifanani na ya heroini, na mtu asiyejua tofauti hiyo atamuuguza mgonjwa vibaya. Dawa hii huulazimisha ubongo kumwaga kwa wingi kemikali iitwayo dopamini, ambayo ndiyo humpa mtu ari, hamu na furaha. Inapokatwa, ubongo hubaki kama shamba lililovunwa kabla ya msimu. Kwa kawaida anguko huanza ndani ya saa 24 tangu mara ya mwisho kutumia. Kwa siku mbili au tatu mtu hulala sana, huamka na njaa kali, na huwa mzito wa mwili na mawazo. Baadaye usingizi huanza kuvurugika, ndoto zinakuwa za kutisha, hasira inakuwa karibu, na juu ya yote huja huzuni na hamu ya kurudia. Dalili kali hupungua kwa wengi ndani ya wiki moja hadi mbili, lakini unyonge, usingizi mbaya na hamu vinaweza kuendelea kwa wiki nyingi zaidi, na uchunguzi wa picha za ubongo umeonyesha kwamba sehemu zinazohusika na dopamini huweza kuhitaji zaidi ya mwaka mmoja kurejea. Kwa hiyo ndugu yako akikaa mwezi mzima bila kucheka, usimwite mvivu wala mwenye kiburi.

Kabla ya siku ya kwanza, mpelekeni kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya, hata kama mnakusudia kumuuguzia nyumbani. Mwambieni mhudumu ukweli wote: anatumia kiasi gani, anavuta au anajidunga, na ni vitu gani vingine anavyochanganya. Swali hili la mwisho lina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kuacha methamfetamini peke yake mara chache kuna hatari ya moja kwa moja kwa mwili, lakini mtu anayekunywa pombe kila siku, au anayemeza vidonge vya diazepamu ili apate usingizi, akiviacha vyote kwa ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa, na huyo anapaswa kulazwa. Kama amewahi kujidunga, pimeni pia virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na kama tayari anatumia dawa za kufubaza virusi, zisikatike hata siku moja katika kipindi hiki.

Nyumba nayo iandaliwe. Katika nyumba zetu za wakulima wa viazi, mahindi na kahawa, sumu ya wadudu huwekwa uvunguni mwa kitanda au kwenye kona ya jiko, mahali ambapo mkono wa yeyote unafika. Iondoeni kabisa, ipelekeni kwa jirani au ifungieni mahali ambapo ufunguo wake hauko nyumbani. Dawa za vidonge za familia nazo zishikwe na mtu mmoja. Jambo la pili ni mkaa: katika baridi ya Juni na Julai tumezoea kuingiza jiko chumbani, na mtu mwenye usingizi mzito kiasi hiki hataamka moshi usioonekana utakapomzidi. Mpeni mablanketi zaidi, mvisheni soksi mbili, lakini jiko la mkaa libaki nje.

Siku za usingizi mwacheni alale. Mgeuzeni alale kwa ubavu, mwamsheni kila baada ya saa chache anywe maji, na hakikisheni kwamba anaitika na kupumua vizuri. Akipumua polepole sana, akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, mboni zake zikiwa ndogo kama ncha ya sindano au msipoweza kumwamsha, hiyo si arosto. Huenda amemeza au amevuta kitu kingine, na anapaswa kufikishwa hospitali saa hiyohiyo. Akiamka na njaa, mpeni chakula kidogo mara nyingi kuliko sahani kubwa mara moja. Uji wa ulezi wenye maziwa, ndizi za Rungwe, maharage na parachichi vinatosha kabisa, na hakuna haja ya kununua vinywaji vya gharama vya kuongeza nguvu. Vinywaji hivyo, pamoja na kahawa na chai ya rangi nzito, huongeza wasiwasi na kuvuruga usingizi ambao ndio kwanza unaanza kurudi.

Sasa dawa, kwa kuwa hili ndilo ninaloulizwa zaidi. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuondoa arosto ya methamfetamini. Zilizopo hutibu dalili, na zinapaswa kuandikwa na mtu aliyemwona mgonjwa. Maumivu ya kichwa na mwili yanatulizwa na parasetamoli. Kama ana wasiwasi mkali au hasira inayotishia usalama, daktari anaweza kumpa diazepamu kwa siku chache tu. Nasisitiza siku chache, kwa sababu vidonge hivyo vyenyewe huzoesha, na vikichanganywa na pombe au unga huzima pumzi. Kwetu kuna duka lililokuwa tayari kutuuzia pakiti nzima bila cheti, na nina hakika kwamba tungeinunua tungemtoa mdogo wangu kwenye shimo moja na kumtumbukiza katika jingine. Kama anasikia sauti au anaamini watu wanamfuatilia, dawa za aina ya haloperidoli au olanzapini hutumika, na mara nyingi hali hiyo hutulia ndani ya siku kadhaa baada ya kuacha na kulala. Mjue tu kwamba haloperidoli inaweza kukaza shingo, taya au macho. Ikitokea, mrudisheni hospitali, kwani kuna dawa ya kulegeza hali hiyo upesi.

Kwa huzuni, dawa kama fluoksetini huweza kuandikwa pale daktari anapoona kwamba ni sonona kweli na si anguko la siku za mwanzo. Hizi huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuonyesha nafuu, kwa hiyo asiziache siku ya tano akidai hazimsaidii. Mirtazapini, ambayo pia husaidia usingizi, imeonekana katika tafiti chache kupunguza matumizi ya methamfetamini kwa baadhi ya watu, ingawa haijathibitishwa kutibu arosto yenyewe. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha watu 403, ambamo sindano ya naltreksoni pamoja na vidonge vya bupropioni viliwasaidia takribani 14 katika kila 100, ikilinganishwa na kama 3 katika kila 100 waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na nguvu yoyote. Ni hatua ya maana, lakini nafuu yake ni ndogo, ililenga kupunguza matumizi na si kutuliza arosto, na naltreksoni humtia mtu anayetumia heroini au methadoni katika arosto kali ya ghafla. Kamwe isitafutwe kienyeji.

Kuhusu methadoni kuna kutoelewana kwingi. Dawa hiyo, iliyoanza kutolewa nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, inatibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake peke yake, haigusi methamfetamini. Hata hivyo kliniki ya methadoni iliyopo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina watu wanaoelewa uraibu, na kwa anayetumia vyote viwili ndipo mahali pa kuanzia. Kwa walio Iringa, Njombe na Songwe, anzeni na hospitali ya rufaa ya mkoa na kuulizia huduma za afya ya akili, au pigeni simu 119, namba isiyo na malipo ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, muelekezwe. Wapo wanaopendelea nyumba za upataji nafuu, zile tunazoziita soba. Kabla ya kumwacha mtu humo, ulizeni kama kuna mhudumu wa afya anayefika, na ondokeni mara moja mkiona minyororo au fimbo.

Turudi kwenye wiki ya pili. Mgonjwa ameshakula, ameoga, anaonekana mzima, na majirani wanampongeza. Ndani yake hakuna kinachomfurahisha. Katika kipindi hiki pangeni zamu ili asikae peke yake muda mrefu, hasa jioni. Muulizeni waziwazi, kwa sauti ya kawaida, kama anafikiria kujiua. Wazee wetu huogopa kwamba kuuliza ni kumpa mtu wazo hilo. Si kweli, na mara nyingi swali hilo ndilo linalomfungulia mtu njia ya kusema. Akijibu ndiyo, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, msimwache hata dakika moja, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Mama yetu alipoambiwa yale maneno hakumkemea wala kumtishia na dini. Alimwambia, “Mwanangu, twende wote,” akachukua kanga yake, wakatoka.

Hamu ya kurudia huja kama wimbi. Hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata kama mtu hatafanya lolote. Mfundisheni kusogeza muda: asikate shauri sasa, asubiri dakika 20, na ndani ya dakika hizo atoke nje atembee, aoge maji ya baridi, apasue kuni, au ampigie mtu mmoja aliyekubali kupokea simu saa yoyote. Vichochezi vyake anavijua mwenyewe. Vya mdogo wangu vilikuwa fedha taslimu mkononi, maskani ya maegesho ya malori na sauti ya utingo mwenzake kwenye simu. Tulikubaliana naye, bila kumnyang'anya kwa nguvu, kwamba atabadili laini, na kwamba ujira wake wa shambani ungepokelewa na dada kwa miezi mitatu ya mwanzo. Ulanzi nao, ambao msimu wa mvua hupatikana kila kona kule Iringa, uliwekwa kando, kwa sababu pombe hulegeza maamuzi yaleyale mtu anayohangaika kuyashika.

Njia isiyo ya dawa ambayo tafiti zimeiunga mkono zaidi ni ya kumtunuku mtu kwa kila kipimo cha mkojo kinachoonyesha kwamba hajatumia. Huku kwetu si rahisi kuipata kama huduma rasmi, lakini familia inaweza kuiga kiini chake: zawadi iwe ndogo, itolewe mara moja, isicheleweshwe na isitolewe kwa ahadi. Sisi tulikuwa tukimnunulia vifaranga, wawili kila wiki aliyoimaliza salama. Kumlipa kwa fedha taslimu nisingeshauri.

Akirudia kutumia, na wengi hurudia angalau mara moja, msimfukuze na msimwite teja. Chunguzeni kwanza usalama wake: maumivu ya kifua, joto kali la mwili, degedege, au kuchanganyikiwa ni dharura ya hospitali, na mwili uliopumzika wiki kadhaa hauwezi tena kuhimili kiasi alichokuwa amezoea. Yakiwa hayapo, mwacheni alale, kisha muulizeni ilianzia wapi siku ile, saa ngapi na alikuwa na nani, mrudi kliniki na jibu hilo. Mdogo wangu alirudia mwezi wa tatu, usiku mmoja, baada ya kukubali safari ya dharura ya kwenda Kasumulu. Tangu hapo hapandi lori baada ya jua kuzama.