Somo: Mzee na Gari la Umeme, Kuanzia Soketi ya Nyumbani Hadi Kwenye Foleni ya Feri

Somo hili ni la wazee wanaoendesha wenyewe, na la watoto wanaotaka kumnunulia mzazi gari la umeme. Nimelitungia Nissan Leaf, kwa kuwa ndilo gari dogo la umeme tunaloliona sana likitoka Japani, na nimelitungia Mombasa, ninakowafundisha wazee kulitumia.

Nataka mzee aweze kuchaji, kuwasha, kwenda hospitali au sokoni na kurudi nyumbani bila kumsubiri kijana wa jirani. Watoto wengi hununua gari zuri kisha kila kitu wakakiweka kwenye simu zao wenyewe. Siku mtoto akisafiri, baba anakaa barazani na ufunguo mkononi. Hilo haliniridhishi hata kidogo, na ndiyo sababu hatua hizi zote zinaanza na mikono na macho ya mzee.

Hatua ya 1: Jueni safari zake kwanza

Keti na mzee, muandike anakokwenda kwa wiki nzima. Anayekaa Nyali akawa anakwenda hospitali ya Coast General, soko la Marikiti, msikitini, na mara mojamoja Mtwapa kwa dada yake, ni nadra apite kilomita 40 kwa siku. Hapo hata Leaf ya kilowati-saa 24 (ndicho kipimo cha ukubwa wa betri) ambayo betri yake imechoka kiasi itamtosha. Kama huenda Kilifi na kurudi, karibu kilomita 120, tafuta ya 40. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hivyo za 24 utazikuta kwa watu wanaouza humu humu nchini.

Ukienda kuliangalia gari, usidanganyike na geji iliyojaa. Kwenye Leaf za mwanzo, upande wa kulia wa dashibodi kuna mistari mirefu inayoonyesha chaji, na pembeni yake kabisa kuna mistari mifupi 12 inayoonyesha uzima wa betri. Hii mifupi ndiyo ya kuhesabu. Ukipotea wa kwanza, betri imeshapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake, na kila unaofuata ni kama asilimia 6 nyingine. Ikibaki 9, zaidi ya robo imekwenda. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji, na joto la pwani halina huruma, basi mtafutieni mzee kivuli cha kuegesha.

Hatua ya 2: Mwite fundi wa stima kabla gari halijafika

Hapa msibane pesa. Gari linalochajiwa kwa soketi ya kawaida huvuta kama ampea 10 usiku kucha, saa 8 au zaidi bila kupumzika. Soketi za bei rahisi hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Huanza kupata moto, plastiki ikageuka rangi ya chai, kisha ikayeyuka. Ekstensheni ndiyo mbaya zaidi, nayo nasema isitumike kabisa.

Mwambie fundi akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye boksi la swichi, waya wa 4 mm, breka yake mwenyewe, na RCD ya miliampea 30, yaani swichi inayokata umeme ukivuja. Muulize pia juu ya eathi, ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Nyumba nyingi za zamani hazina eathi ya maana, na chaja ikikosa eathi huwasha taa ya hitilafu na kukataa kazi, mtu akadhani gari ni bovu.

Jambo jingine ni ule waya unaokuja na gari kutoka Japani. Plagi yake si ya hapa, na umeme wa huko si kama wetu. Usikubali fundi aikate plagi na kufunga ya pini tatu kisha akwambie "itashika tu". Nunua chaja ya kubebeka iliyotengenezewa volti 240 na plagi ya huku, yenye mdomo wa Type 1, ambao ndio wa Leaf za Japani.

Soketi iwekwe usawa wa kiuno cha mzee. Kando yake pigeni ndoano ya kutundikia boksi la chaja, maana likining'inia lenyewe uzito wake huivuta plagi ikalegea.

Hatua ya 3: Kuchomeka na kuchomoa

Mdomo wa kuchajia wa Leaf uko mbele, kwenye pua ya gari, na mzee hana haja ya kuinama sana. Ndani kuna midomo miwili. Mdogo ni wa nyumbani, mkubwa ni wa CHAdeMO wa kuchaji haraka.

Anza ukutani, kisha kwenye gari. Sukuma mpaka usikie "kwap". Gari litalia mara moja, na taa za buluu juu ya dashibodi zitawaka. Ziko tatu, zinaonekana kwa nje kupitia kioo, na hiyo ni rehema kwa mzee asiyetaka mambo ya simu: akichungulia dirishani anajua chaji imefika wapi.

Kuchomoa ndiko kunakowasumbua wenye yabisi ya vidole. Kuna lachi ya kubonyeza kwa kidole gumba, na wengi huvuta huku wakibonyeza, ikang'ang'ania. Afanye hivi: mkono mmoja ushike shingo ya chaja, asukume mbele kidogo, abonyeze lachi, kisha avute moja kwa moja bila kuitikisa. Ule msukumo wa kwanza huilegeza lachi. Gari lichomolewe kwanza, ukuta baadaye.

Hatua ya 4: Kuwasha, na kujua kwamba limewaka

Kanyaga breki, bonyeza kitufe cha kuwasha, tazama dashibodi. Itatokea picha ndogo ya gari la kijani yenye mshale. Ikiwapo hiyo, gari liko tayari kwenda ingawa husikii mngurumo wowote.

Msiipite sehemu hii haraka. Mzee aliyeendesha Peugeot au Datsun miaka 40 amezoea kulisikia gari. Kimya kwake ni gari lililozimwa. Anaweza kushuka na kuliacha kwenye D, gia ya kwenda mbele, au kukanyaga mwendo akidhani bado halijawaka. Mfundisheni kutamka kwa sauti kila anaposimama: "P, zima, taa imekwenda." P, ya kuegesha, ni kitufe kilicho juu ya kile kirungu cha gia. Arudie mpaka mkono uzoee wenyewe.

Gia nayo ina mtindo wake. Kirungu hurudi katikati kila ukikiachia, kwa hivyo hakikuonyeshi uko wapi. Asome herufi kwenye dashibodi kabla hajaachia breki, kila mara.

Muwekeeni ECO, ule mwendo wa kuokoa chaji, tangu siku ya kwanza. Mota ya umeme hutoa nguvu zake zote papo hapo, na ECO huupunguza ukali wa pedali.

Hatua ya 5: Barabarani

Watu wa miguu humsikia kwa shida. Marikiti na vichochoro vya Mji wa Kale aende polepole kabisa, apige honi kidogo mapema. Chaji ikishuka chini ya robo, arudi nyumbani. Akiona picha ya kobe, gari limepunguza nguvu, atafute pa kuegesha salama.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Likoni:* Salaam aleikum. Baba huvuka feri mara kwa mara, na foleni waijua. Si chaji itaishia pale?

Wa aleikum salaam. Gari likisimama mota haili kitu, ni AC tu, na Leaf ikisimama saa nzima na AC haitakula zaidi ya uniti moja au mbili. Wasiwasi wangu ni mguu wake. Foleni ndefu huchosha, breki ikaachiwa, gari likajongea taratibu hadi kwa aliye mbele. Akisimama zaidi ya dakika, aweke P.

*Mwanachama, Tanga:* Shikamoo mwalimu. Huku tunatumia LUKU, umeme wa kulipia kabla, na hukatika usiku. Gari litaharibika? Na nitajuaje gharama?

Marahaba. Ukikatika, kuchaji kunasimama, na ukirudi kwa kawaida kunaendelea kwenyewe. Umeme unaporudi kwa kishindo ndipo pa kuogopa, hivyo fundi aweke kinga ya volti kwenye ile laini. Usimwache mzee asubiri betri iishe ndipo achaji. Gharama ni rahisi: uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja, nayo humpeleka kama kilomita 6. Zidisha kwa bei yako.

*Mwanachama, Malindi:* Mama ana miaka 74. Juzi alikanyaga mwendo badala ya breki kwenye gari la petroli. Gari la umeme litamsaidia?

Hapana, ndugu yangu. Litaongeza hatari. Apimwe macho na aonwe na daktari kwanza, na kwa sasa atafutiwe dereva. Najua ni neno zito kumwambia mama, lakini mwambieni ninyi, kwa heshima, kabla halijatokea la kutokea. Kwa wazee wengine wasio na tatizo hilo, ile e-Pedal ya Leaf za karibuni, ya kusimamisha gari bila kugusa breki, mimi huizima. Mguu uliozoea breki nusu karne nauacha na breki yake.

*Mwanachama, Kisauni:* Babu ana pesimeka, kile kifaa cha mapigo ya moyo. Anaweza kuchaji mwenyewe?

Kitabu cha Leaf chenyewe kinatahadharisha kuhusu hilo. Mwulizeni daktari wake na watengenezaji wa kifaa kabla hajagusa chaja, na asikae ndani ya gari linapochajiwa. Mpaka jibu lije, mtu mwingine amchajie.

*Mwanachama, Bamburi:* Gari la mama halikufunguka kabisa asubuhi, na chaji ilikuwa imejaa.

Ni betri ndogo ya volti 12, nayo ikifa hufa kama ya gari lolote. Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma, utoe ufungue mlango, kisha fundi aistue au aibadilishe. Nyaya za rangi ya machungwa asiguse mtu. Na ikibidi gari lipelekwe gereji, lipakiwe juu ya lori. Leaf haivutwi kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini.