Kasoro ya kiwandani au ajali ya mtaani? Soma kabla hujauliza bei ya sarafu

Kila wiki picha ni ileile: shilingi iliyokwaruzika na swali "hii ngapi?" Naandika mara hii moja tu jinsi ya kutambua kasoro ya kiwandani, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Usiioshe. Ndimu na jivu ni mwiko.

2. Tafuta lenzi ya sonara inayokuza mara 10, na taa umulike kutoka ubavuni.

3. Ukiona mstari, tazama kama umetuna au umezama. Muhuri wa kupigia chapa ukipasuka, chuma cha sarafu huingia kwenye ufa, na mstari hutokea umeinuka. Huo ni ufa wa muhuri. Uliozama mara nyingi ni mkwaruzo tu.

4. Herufi imepotea, jirani zake ziko wazi? Muhuri uliziba kwa grisi.

5. Geuza shilingi kama ukurasa: pande zote mbili zisimame wima. Simba wa shilingi 10 ya Kenya akilala ubavu, muhuri mmoja ulizunguka.

6. Maandishi mawili-mawili. Hapa ndipo watu huliwa pesa. Yenye thamani ni ile iliyotokana na muhuri wenyewe kupata maandishi mara mbili: nakala zote mbili zimetuna, na pembe za herufi zimegawanyika. Muhuri ukitikisika tu wakati wa kupiga, nakala ya pili huwa bapa, imelala chini, na imekula unene wa herufi. Hizo ni tele, wala haziongezi bei. Onyo: flashi ya simu huzaa kivuli kinachofanana na maandishi ya pili. Onyo jingine: usinunue kwa picha. Ishike mwenyewe, uigeuzegeuze chini ya taa.

Swali (Kisauni): Mkuu, nina 20 ya ndovu, ina madoa ya kijani. Bei?

Chumvi ya bahari hiyo. Bei yake shilingi 20.

Swali (Likoni): Somo refu lote hili na bei hutaji. Unaficha?

Mimi si mnunuzi, bwana. Hatua ya 3 umeisoma?

Swali (Mji wa Kale): Shikamoo. Nyanya ameniachia peni ya tundu ya enzi za mkoloni. Tundu limeenda upande. Nitajuaje kama lilitobolewa nyumbani?

Marahaba, mwanangu. Hilo ndilo swali. Peni zile zilitobolewa kabla ya kupigwa chapa, na mchoro uliachiwa nafasi ya tundu katikati. Pitisha ukucha: la kiwandani ni laini pande zote, la msumari huacha kinundu upande mmoja. Na kama la katikati lipo na hili ni la pili, basi mtu aliivaa kidani.

(Mji wa Kale): Ni moja tu, na ni laini. Niihifadhi vipi?

Basi iite tundu lililohama, bila wasiwasi. Usiitie kwenye plastiki laini yenye harufu. Hutoa majimaji ya kijani. Ifunge kwa karatasi kavu, uitie kwenye kopo la kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

Swali (Kisauni): Vipakiti vinauzwa wapi?

Havinunuliwi. Muulize muuza viatu yeyote soko la Kongowea, anavitupa.