SOMO: Namna ya kumwandika binti muasi wa riwaya asichoshe

Naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma kiungo. Kila mara napokea inboksi sura ya kwanza ileile: mji una ukuta, kuna Kiongozi Mkuu, na binti mwenye hasira anajua kulenga shabaha. Kisha swali: "Mbona haivutii?" Soma hizi hatua kwanza.

1. Mpe jina, umri na kazi ya mikono. Basi.

2. Anza na amri, serikali itajionyesha yenyewe. "Utawala dhalimu" haumtishi mtu. Linalotisha ni agizo dogo linalokufuata hadi jikoni. Mwaka 2018 hapa Uganda tulitozwa shilingi 200 kwa siku ili kuingia kwenye mitandao ya kijamii, na watu ambao hawakuwahi kugusa setingi za simu wakajifunza VPN, programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao. Hakuna aliyejiita mwanamapinduzi. Tafuta amri ya namna hiyo.

3. Atake kitu kingine, si mapinduzi. Katniss wa riwaya ya The Hunger Games (2008) hakujitolea kuingia kwenye michezo ya kuuana ili aiangushe Capitol, mji unaowatawala. Alijitolea ili mdogo wake Prim asiende. Mengine yalimkuta njiani.

4. Mpe kasoro inayoudhi kweli. "Mkaidi lakini ana moyo mzuri" si kasoro.

5. Deni la uasi alipe mwingine. Hapa ndipo miswada mingi inapofia. Binti anavunja sheria, askari wanamfukuza, anaruka ukuta, sura imekwisha. Hiyo ni mbio tu. Tuseme maji yanatolewa kwa kadi, naye usiku anamchotea jirani mgonjwa jerikani moja. Asubuhi hakamatwi. Bomba la mtaa mzima linafungwa siku tatu, sababu haitajwi. Anafika na jerikani yake, wanawake wananyamaza. Mama aliyekuwa akimshikia nafasi kwenye foleni anaisukuma ile jerikani kwa mguu, taratibu, hadi nje ya mstari. Sasa msomaji anataka kujua kama binti atarudia.

Tahadhari:
– Kumuua mama yake sura ya kwanza si gharama. Binti hakuchagua chochote hapo.
– Anayelipa awe mtu tuliyekwisha kumzoea. Maiti asiye na jina hamuumizi msomaji.
– Deni lisisahaulike sura inayofuata. Yule mama wa foleni lazima arudi, na asirudi amesamehe.

6. Mpenzi ni hiari. Akiwa ndiye anayemfundisha binti kila kitu, mfute.

MASWALI

Kijana_Jinja: Mwalimu, nipe mfano wa steringi mzuri, nina haraka.
— Hatua ya 3 na ya 5. Umezisoma?
Kijana_Jinja: Nimepitia juujuu.
— Nimeona.

Mpita_Njia: Hawa mabinti waasi wamezidi. Wanaume je?
— Andika wako. Hatua hazibadiliki. Sikukataza mtu.

Binti_Lira: Lazima apigane? Wangu ni fundi cherehani, tena mwoga.
— Hapana dada, na usimponye huo woga. Offred, mwanamke anayemilikiwa na utawala katika riwaya ya The Handmaid's Tale (1985), hana jeshi. Anakumbuka, anasimulia, analificha jina lake la zamani. Kwa mwoga hata tendo dogo ni kubwa. Anashona nini? Kama ni sare za askari, nguo zao zinapita mikononi mwake kila siku. Fikiria anachoweza kuficha kwenye pindo, na nani atapekuliwa siku kikigunduliwa. Ukiandika sura hiyo niletee, nitaisoma yote.

Mzee_Kabale: Mbona mifano ya Marekani na Kanada tu? Sisi Kigezi, huku kusini magharibi mwa Uganda, tulikuwa na Muhumuza.
— Umenena, mzee. Kiongozi wa Nyabingi, dini ya jadi ya huko, Waingereza walimkamata 1911 wakamweka Kampala mpaka alipofariki 1945. Wala hakuwa binti. Alijulikana kama mjane wa mfalme Rwabugiri wa Rwanda. Miaka 34 dola zima linaogopa kumrudisha mama mmoja kwao! Anayetaka riwaya aanzie kwa mlinzi wake: anazeeka naye, na agizo la kumwachia haliji.

Mbale_Kalamu: Nyongeza: askari wako wakikaa Kampala, waongee Kiswahili, lugha ya jeshini kwetu. Msomaji wa huko akisikia "simama hapo!" anakaza mgongo kabla hajajua kuna nini.
— Kweli kabisa. Ila wakirudi nyumbani kwa wake zao wabadilishe lugha, wasibaki vinyago.

Kijana_Jinja: Sasa nimesoma yote. Wangu analipiwa na kaka yake wa bodaboda, wanamchukulia pikipiki. Inafaa?
— Inafaa. Pikipiki iwe ya mkopo, na wadhamini wawe majirani.

Binti_Lira: Naandika kwenye simu, umeme ukikatika napoteza kurasa. Mnafanyaje?
— Kila ukisimama, jitumie WhatsApp. Na mawingu yakianza kutanda, chaji mapema.