Jinsi ya kuomba leseni ya FIS na kupitisha vifaa vyako kwenye ukaguzi wa mbio za skii

Katika mbio za skii za milimani, mtu anaweza kushuka vizuri, akafika mwisho salama, kisha matokeo yake yakafutwa kwa sababu ya milimita moja chini ya kiatu. Kanuni za vifaa hubadilika mara kwa mara, na wanaoumia zaidi ni wale wanaonunua mtumba bila kujua skii ile ilitengenezwa kwa kanuni za mwaka gani. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: leseni kwanza, kisha vipimo, pesa ya kununua mwisho.

Leseni

Shirikisho la Kimataifa la Skii na Snowboard, FIS, halimpi mtu binafsi leseni. Maombi hupitia chama cha taifa ambacho ni mwanachama wa FIS, na chama hicho ni cha nchi ya pasipoti yako, si cha nchi unakofanyia mazoezi. Sabrina Simader alizaliwa Kenya akakulia Austria, na kwenye Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya. Mzazi anayeishi Ulaya na mwenye mtoto wa pasipoti ya Afrika Mashariki aanze kwa kuuliza kama nchi yake ina chama kilichosajiliwa FIS.

Mwaka wa leseni huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Peleka maombi mwezi wa Mei au Juni. Utahitaji nakala ya pasipoti, tamko la mwanamichezo la FIS lililotiwa saini (aliye chini ya umri wa utu uzima hutiliwa saini na mzazi au mlezi pia), na ushahidi wa bima inayolipia ajali ya mbio, uokoaji mlimani, matibabu, kusafirishwa kurudi nyumbani na madhara kwa mtu mwingine. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi huondoa mashindano katika yale inayolipia, na sentensi hiyo hufichwa kwenye kurasa za nyuma. Isome yote.

Umri nao una mstari wake: mbio za FIS huanzia mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 16. Kwa msimu wa 2025/26, hao ni waliozaliwa 2009 au kabla yake.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kwetu mtu ana majina matatu na mpangilio hubadilika kutoka karatasi moja hadi nyingine. Kwenye mfumo wa FIS hilo linaweza kuzaa watu wawili tofauti, na pointi unazopata kwenye mashindano zikagawanyika. Ukishapata namba yako ya FIS, itunze. Kuandikishwa kwenye shindano pia hufanywa na chama kupitia mfumo huo, kwa hiyo hakikisha chama kina mtu anayejibu ujumbe wikendi.

Kama tayari umeshindana kwa leseni ya nchi nyingine, hilo ni ombi tofauti kabisa: linahitaji uraia na pasipoti ya nchi mpya, barua ya kuachiwa kutoka chama cha zamani, na uamuzi wa Baraza la FIS. Lianze mwaka mzima kabla.

Skii

Tafuta kwanza maandishi ya mtengenezaji kwenye skii: urefu, nusu kipenyo cha mkato (upinde wa kingo za pembeni; kikiwa kikubwa, skii hugeuka kwa mzunguko mpana) kwa mita, na tamko kwamba bidhaa inafuata vipimo vya FIS. Neno la kibiashara linaloashiria mbio si tamko hilo. Skii nyingi za dukani zinazouzwa kwa jina la slalomu kubwa (mbio za kupinda kati ya milango iliyo mbalimbali kuliko ya slalomu) zina nusu kipenyo cha mita 18 hivi, na haziruhusiwi.

Katika slalomu (mbio za kupinda haraka kati ya milango iliyokaribiana), urefu wa chini ni sm 165 kwa wanaume na sm 155 kwa wanawake, na kiuno cha skii (upana wa katikati, chini ya kiatu) kisipungue mm 63. Katika slalomu kubwa, ni sm 193 kwa wanaume na sm 188 kwa wanawake, nusu kipenyo kisipungue mita 30 kwa wote, na kiuno kisizidi mm 65. Katika super-G (mbio za kasi zaidi, zenye milango michache) ni sm 210 na mita 45 kwa wanaume, sm 205 na mita 40 kwa wanawake. Katika mteremko (mbio za kasi kuliko zote) ni sm 218 kwa wanaume na sm 210 kwa wanawake, wote mita 50. Baadhi ya mashindano ya ngazi ya chini hulegeza urefu kidogo, hasa kwa wanaoanza, kwa hiyo soma kanuni za msimu wako.

Mtego wa mtumba uko kwenye slalomu kubwa. Kabla ya msimu wa 2012/13, nusu kipenyo kilikuwa mita 27 kwa wanaume na 23 kwa wanawake. Skii hizo zimejaa sokoni kwa bei nzuri, na hazipiti ukaguzi. Mwaka 2012 wanaume walipandishwa hadi mita 35 na sm 195, wakalalamika sana, na kuanzia msimu wa 2017/18 wakateremshwa hadi 30 na 193. Skii yenye nusu kipenyo cha mita 35 bado ni halali leo, lakini ni ngumu kuigeuza. Kijana asinunuliwe hiyo kwa sababu tu bei yake ni nafuu.

Slalomu nayo ina tatizo linalokuja polepole: kila unaponoa kingo za pembeni unaondoa chuma, na kiuno kilichokuwa mm 64 kinashuka kidogo kidogo. Kipime kwa kalipa mwanzoni na katikati ya msimu.

Kimo na viatu

Kutoka uso wa chini wa skii hadi soli ya kiatu, pamoja na bamba na kifungio (kinachoshika kiatu kwenye skii), kimo kisizidi mm 50. Kiatu chenyewe, kutoka chini ya soli hadi mahali kisigino kinapokaa, kisizidi mm 43. Hapa ndipo wengi hushindwa ukaguzi. Fundi anaongeza kibamba cha mm 3 chini ya soli kurekebisha mkao, halafu hakuna anayepunguza mahali pengine. Pima viatu vyote viwili. Kulia na kushoto havilingani daima. Acha nusu milimita ya akiba, maana kipimo cha ukaguzi kinaweza kutofautiana kidogo na chako.

Nta

Tangu msimu wa 2023/24 florini (kemikali iliyokuwa ikitiwa kwenye nta ya skii ili iteleze zaidi) imepigwa marufuku kabisa. Oktoba 2023 huko Sölden, Austria, mwanaskii Ragnhild Mowinckel wa Norway aliondolewa kwa sababu hiyo, wa kwanza tangu upimaji uanze. Kununua nta isiyo na florini hakutoshi: mabaki hukaa kwenye brashi, pasi, meza na mfuko wa skii. Tupa brashi za zamani, nunua pasi mpya kama ile ilitumiwa kwa nta ya florini, na skii ya mtumba ipelekwe kwanza kusagwa kwa jiwe. Usikubali kuazimwa brashi siku ya mbio, hata na rafiki.

Mavazi na kinga

Helmeti ya slalomu kubwa, super-G na mteremko iwe na stika ya RH 2013 (alama ya kiwango cha FIS) nyuma, isiyobanduka. Ile yenye masikio laini ni ya slalomu peke yake. Usibandike kamera. Suti ipitishe hewa angalau lita 30 kwa mita ya mraba kwa sekunde, na iwe na lakiri yake ya ukaguzi. Kuifua kwa maji moto au kuitia dawa ya kuzuia maji kunaweza kuishusha chini ya kipimo.

Januari 2024 huko Wengen, Uswisi, mwanaskii wa Norway Aleksander Aamodt Kilde alianguka na kukatwa vibaya shavu la mguu. Kuanzia 2024/25, nguo za ndani zisizokatika zikawa lazima kwenye Kombe la Dunia la skii, na mfuko wa hewa (fulana inayojaa hewa mtu anapoanguka) katika super-G na mteremko. Kwenye ngazi za chini kanuni zinatofautiana, lakini nguo zisizokatika mnunulie mtoto hata kama hajalazimishwa.

Siku moja kabla ya mbio, muulize mwamuzi wa kiufundi akuelekeze kwenye kituo cha kupimia. Beba skii zikiwa kavu, maana barafu chini ya kifungio huongeza kimo.