Mambo ya kuzingatia kabla hujafunga mipira mipya ya petroli, maji na breki kwenye gari la zamani

Mpira wa petroli niliokuta kwenye Land Rover yangu, 109 Series III ya mwaka 1978, ulikuwa mgumu kama mkanda wa kiatu na umefifia rangi. Niliutoa kwa sababu moja tu: ulionekana mzee. Haukuwa unavuja wala haukuwa umepasuka. Ule mpya niliouweka badala yake ulidumu wiki saba, na katika wiki hizo saba nilitumia fedha nyingi kuliko nilizotumia kwa gari hilo mwaka mzima uliotangulia.

Kwa hiyo kaa chini, soma kabla hujaenda dukani.

Kwanza, jua mpira unabeba nini. Mwenye duka atakwambia "huu unavumilia kila kitu." Hakuna mpira wa namna hiyo kwenye rafu yake. Mpira wa maji ya rejeta siku hizi hutengenezwa kwa EPDM, aina ya mpira wa kiwandani, ambao unapatana vizuri na maji ya moto na kulanti (dawa ya rejeta), lakini ukikutana na petroli au oili unavimba na kulainika kama mkate kwenye chai. Wa petroli na oili hutengenezwa kwa naitrili, au kwa mpira wa bei zaidi wenye florini ndani yake. Na ule wa naitrili nao ukiupeleka kwenye mafuta ya breki unaharibika. Kwa nje yote ni mipira myeusi inayong'aa. Macho hayatakusaidia.

Pili, soma maandishi ya ubavuni. Mpira wa petroli wa gari lenye kabureta uandikwe SAE J30 (SAE ni viwango vya wahandisi wa magari) na baada yake R6 au R7; R9 ni wa magari ya injeksheni, unastahimili zaidi, na ukiupata kwa saizi yako nunua bila kuuliza mara mbili. Mpira wa breki unaoaminika huwa na SAE J1401. Tafuta na tarehe ya kutengenezwa. Mpira ulioandikwa neno "FUEL" peke yake, kwa rangi nyeupe inayofutika kwa kidole, umeandikwa jina la kitu ambacho pengine hauwezi kukibeba.

Hata maandishi nayo yanaigizwa, usijisahau.

Tatu, vipimo. Land Rover, Bedford, Morris na ndugu zao wa Kiingereza wana paipu za inchi. Robo inchi ni milimita 6.35. Ukichukua mpira wa milimita 6 na kuulazimisha kwa mate na matusi, utaingia, lakini mdomo wake umeshavutwa tangu siku ya kwanza na ndipo utakapopasukia. Paipu ya inchi 5/16 ni karibu kabisa na milimita 8, hiyo haina ugomvi. Wenye Peugeot 504 na Datsun nyie mko kwenye milimita, pumueni.

Nne, usidanganywe na "orijino bado kwenye boksi lake." Mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Hewa peke yake inaula, joto la stoo linauongezea, na ukikunjwa miaka thelathini unapasuka pale pale palipokunjwa. Gasketi ya shaba ya zamani au gia ya zamani nitainunua kwa furaha. Mpira uliofungwa kiwandani nikiwa shule ya msingi, hapana, hata boksi likiwa na nembo inayoliza.

Mipira ya rejeta: bonyeza kwa vidole gari likiwa limepoa, hasa karibu na klipu, kwa sababu uozo mwingi unaanzia ndani, sehemu za mwisho. Ukisikia pamelegea kuliko katikati, toa. Mpira wa chini ndio wenye hila, kwa kuwa pampu ya maji inauvuta. Kwenye magari mengi ya zamani ulikuwa na springi ya waya ndani ili usibonyee. Inayouzwa sasa mara nyingi haina. Gari linatulia barabara tambarare, ukikanyaga mafuta kupanda mlima mpira unajikunja kama mrija wa soda na mshale wa joto unapanda. Ukisimama kukagua, umeshajinyoosha. Ile springi ya zamani usiitupe. Kama haijaoza kwa kutu, ihamishie kwenye mpira mpya. Na wenye injini ya lita 2.25 msiusahau ule mpira mfupi unaounganisha pampu ya maji na nyumba ya thamostati. Ni mfupi kama kidole, unaudhi kuufikia, ndiyo maana kila fundi anauruka.

Kumbuka pia kwamba mfumo wa maji unafanya kazi kwa presha. Iringa mjini, kwenye mwinuko wa kama mita 1,600, maji yaliyo wazi hayangoji nyuzi 100. Yanachemka kwenye 95 hivi. Mpira unaotoa hata mvuke kidogo unaondoa presha, na gari ambalo Dar halikuwa na neno litachemka huko juu.

Mipira ya breki iko mitatu kwenye Land Rover hii, miwili mbele na mmoja nyuma. Nitasema kwa ufupi kwa sababu hapa sina mzaha. Mpira wa breki ukivimba ndani, nje hauonyeshi kitu. Ukikanyaga, nguvu ya mguu inasukuma mafuta yapite. Ukiachia, springi za breki shuu hazina ubavu wa kuyarudisha, na tairi moja linabaki limeshikwa. Ukishafunga mipira mipya, endesha kilomita kumi, simama, pitisha mkono karibu na dramu kila upande. Ile yenye joto kuliko wenzake ina kesi. Fundi anayebana mpira wa breki kwa plaizi wakati wa kutoa upepo mnyang'anye plaizi. Na atakayekumiminia oili ya injini kwenye kikombe cha breki "kwa muda tu tufike" amekuuzia mipira yote upya, pamoja na raba za masta silinda.

Sasa petroli.

Ule mpira wa wiki saba niliununua Kariakoo, mita moja. Kijana wa dukani alikuwa nayo ya aina mbili na nilichukua ya bei nafuu. Niliokoa shilingi elfu tano. Naikumbuka hiyo elfu tano kuliko mshahara wangu wa kwanza. Nilikata vipande viwili: kimoja kutoka paipu ya tenki kwenda kwenye pampu, kingine kutoka pampu kwenda kabureta. Gari likawaka mara moja, nikajipongeza.

Wiki ya tano tukasafiri kwenda Iringa, mimi na shemeji yangu, na mabati nyuma. Baada ya Morogoro gari likaanza kukohoa. Tukiwa ndani ya hifadhi ya Mikumi, kwenye zile kilomita hamsini za barabara inayopita katikati ya wanyama, likazima. Pale si mahali pa kushuka na kufungua boneti, nyati wako upande wa pili wa barabara wanakutazama kama umewadai. Tukakaa ndani dakika kumi. Nikapiga stata, likawaka vizuri kabisa, tukaondoka.

Mikumi mjini fundi wa kwanza akasema, "Mzee, petroli inachemka kwenye pampu. Joto hili." Akafunga kitambaa juu ya pampu, akamwagia maji, tukangoja, likawaka. Wote tukaridhika. Hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu tangu hapo kila lilipozima nilimwaga maji kwenye pampu, nikangoja dakika kumi, likawaka. Na kila lilipowaka nikazidi kuamini maji. Haikunijia kwamba zile dakika kumi peke yake zingetosha. Mlima Kitonga tulipanda kwa kusimama mara nne, shemeji akiruka na jiwe la kuweka tairini, malori yakitupigia honi kwenye kona.

Iringa wakabadilisha kondensa na platini, vitu vya umeme wa plagi. Niliporudi Dar nikabadilisha koili, nikanunua pampu mpya, ambayo nayo ilikuwa na mambo yake, nikashusha tenki likaoshwa. Gari lilikuwa linakwenda mjini wiki nzima bila neno, nikilipeleka safari ya mwendo likazima baada ya dakika arobaini. Safari ya pili ya Iringa, wiki ya saba, likatufikisha kwa shida kwenye gereji ya mzee mmoja ambaye hakugusa injini kabisa. Aliuliza swali moja: "Kitu gani kipya humu, kabla halijaanza kuugua?"

Nikamtajia mpira, kwa kujitetea, kwamba ni mpya kabisa.

Akauchomoa ule wa kutoka tenki. Akapuliza kwa mdomo upande mmoja, hewa ikapita. Akageuza akapuliza upande wa pili, hewa ikagoma. Akachukua wembe akaupasua kwa urefu. Ndani, ngozi ya mpira ilikuwa imevimba na kubanduka, imening'inia kama ulimi. Pampu ikivuta, ulimi unanyanyuka na kuziba. Injini ikizima, uvutaji unakwisha, ulimi unalala, petroli inapita tena. Dakika kumi zangu hizo. Kwa nje mpira ulikuwa mkavu, mzuri, unang'aa kama siku niliyoununua.

Nilianza kucheka kwa nafuu. Yeye hakucheka. Akasema, "Ulinunua mita nzima. Kipande kingine kiko wapi?"

Kipande kingine kilikuwa kati ya pampu na kabureta. Kwenye injini hii kabureta imekaa juu ya manifoldi ya eksozi. Akapitisha kidole chini ya mpira, karibu na klipu, kidole kikatoka kimelowa. Akaninyooshea ninuse, halafu akaenda kuchomoa waya wa betri bila kunisemesha. Upande huo petroli inasukumwa badala ya kuvutwa, kwa hiyo mpira ule ule uliokuwa unajiziba kule nyuma, huku mbele ulikuwa unajitanua na kutoka jasho, juu ya chuma cha moto, mlima mzima wa Kitonga, mara mbili.

Tangu siku ile kila mpira wa petroli ninaonunua unapita mtihani kabla haujaligusa gari. Kata kipande cha sentimita tatu, pima unene wake kwa kalipa, kitumbukize kwenye chupa ya kioo yenye petroli, funga kifuniko, weka nje mbali na jiko na watoto. Kipime kesho yake, kisha baada ya wiki. Kila mpira utaongezeka kidogo, hilo lisikutishe. Ukivimba waziwazi, ukiwa laini kama sikio, au petroli ikigeuka rangi ya chai, rudisha dukani au kata vipande vya kufungia mbuzi. Usifanye mtihani huu usiku unaoondoka safari. Fanya wiki mbili kabla.

Na usijione mshamba uliyeuziwa takataka peke yako. Huko Uingereza, yalikotoka magari haya, petroli ya kawaida tangu Septemba 2021 ina ethanoli hadi asilimia kumi, na ethanoli ni adui wa mipira mingi ya zamani na ya bei rahisi. Wenye magari ya zamani kule nao wanalia mipira mipya inapasuka kabla ya ile ya kale. Kwa hiyo "imetoka Uingereza" nayo siyo dawa.

Klipu: achana na zile zenye mkanda uliotobolewa matundu kwenye mpira mwembamba wa petroli, zinakata kama msumeno. Tafuta zenye mkanda laini uliokunjwa kingo. Kaza hadi mpira ushike, usikaze hadi mpira utoke nje ya klipu. Waya wa kufungia uzio si klipu. Gari likishapata moto na kupoa mara moja, rudi ukaze tena.

Mpira wa petroli usigusane na chuma kinachotetemeka wala usipite karibu na eksozi ukidhani umbali wa vidole viwili unatosha. Mtungi wa kuzimia moto, ule tunaouweka kwa ajili ya trafiki, uhamishe kutoka chini ya mizigo uje karibu na mkono wako, na uangalie mshale wake. Beba mita moja ya mpira uliofaulu mtihani, klipu sita, na vipande vya tyubu ya tairi vya kufungia mpira wa maji ukitoboka njiani. Tyubu ni ya maji tu. Usiifunge kwenye petroli hata ukiombwa na abiria.

Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, endesha, kisha kingine, vinginevyo hutajua nani mchawi. Andika tarehe kwenye daftari. Safari ya kwanza baada ya matengenezo isiwe ya usiku, isiwe ya msiba ambako lazima ufike, isiwe na mzigo. Ukisikia harufu ya petroli usiseme "itaisha." Usimwache fundi peke yake na gari na hela ya spea. Na mpira wa zamani unaoutoa, kama ulikuwa bado unafanya kazi, ufute vumbi, uufunge kwenye gazeti, uweke chini ya kiti. Mimi wangu niliutupa.