Chakula cha Kuku wa Mayai kwa Ufuta, Mbaazi na Dagaa wa Kusini

Mfugaji wa Masasi au Ruangwa anayenunua chakula cha kuku kilichochanganywa Dar es Salaam hulipia mashudu ya soya, ambayo sehemu yake kubwa huagizwa nje ya nchi, kisha hulipia na usafiri, ilhali ufuta na mbaazi za jirani zake zinapita mlangoni pake kuelekea maghala ya mnada. Gharama hiyo inaweza kupunguzwa, mradi mfugaji asitafute zao moja la kushika nafasi ya soya.

Mashudu ya ufuta yana protini ya takriban asilimia 40 na methionini nyingi, lakini lisini yake ni haba; hizi mbili ni sehemu za protini ambazo kuku lazima azipate kwenye chakula. Mbaazi zina protini ya takriban asilimia 21 tu, ila lisini yake ni nzuri na methionini ndiyo inayopungua. Kwa hiyo viwili hivi vilishwe pamoja, na dagaa kidogo waongezwe.

Mbaazi zinunuliwe baada ya mavuno, hasa zilizovunjika ambazo soko halizitaki. Wakulima wa Kusini wanakumbuka jinsi bei ilivyoanguka mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha kuagiza mbaazi. Mnunuzi wa hapa kijijini, hata akiwa mdogo, ana faida kwa mkulima pia. Usizilishe mbichi, kwa kuwa zina viini vinavyozuia protini kusagika tumboni mwa kuku. Zikaange kwa moto wa wastani huku ukikoroga, hadi zinukie na punje ikivunjwa isionekane mbichi ndani, ndipo uzisage.

Mashudu ya ufuta hupatikana kwa wakamuaji wadogo wa mafuta. Kwa kuwa hubaki na mafuta, huchacha upesi, basi nunua ya wiki chache tu na uyaweke juu ya chaga, mbali na ukuta. Mashudu ya karanga nayo ni mazuri, lakini mimi siyashauri pasipo kupimwa, kwa sababu karanga hushambuliwa kwa urahisi na sumukuvu, ambayo haitoki kwa kuanika wala kwa kukaanga. Mwombe ofisa mifugo wa kata akuelekeze namna ya kufikisha sampuli kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

Dagaa wa Kilwa au Mikindani hushuka bei nyakati za giza, usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa taa wanapopata wengi. Kabla ya kulipa, tia konzi moja ya dagaa kwenye glasi ya maji, koroga, kisha uache itulie: mchanga utakaokusanyika chini ni uzito ambao ungeulipia bure. Waonje pia, kwani wenye chumvi kali huwaharisha kuku.

Kwa kilo 100 za chakula cha kuku wanaotaga, changanya mahindi ya kuparaza kilo 40, pumba za mahindi kilo 18, mbaazi zilizokaangwa kilo 12, mashudu ya ufuta kilo 12, dagaa waliosagwa kilo 8, chokaa ya mifugo kilo 7 na unga wa mifupa kilo 2. Kilo 1 iliyobaki ni ya premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na chumvi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko wa premiksi; dagaa wakiwa na chumvi, usiongeze nyingine. Mchanganyiko huu hufikia protini ya karibu asilimia 17. Vitu vya kipimo kidogo vichanganywe kwanza na pumba kidogo, ndipo vimwagwe kwenye rundo kubwa na kugeuzwa kwa koleo hadi rangi ilingane.

Usibadilishe chakula kwa siku moja. Anza na robo ya chakula kipya na uongeze taratibu kwa siku 10, ukiandika idadi ya mayai kila jioni. Maganda yakilainika, kagua chokaa kwanza, kwani ufuta una viambata vinavyoshikilia kalisi, madini yanayojenga ganda la yai. Uzito wa mayai ukishuka, tazama upya ubora wa dagaa na mashudu.