Tumbo Linakaza Kabla ya Siku: Jinsi ya Kutofautisha Mikazo ya Mazoezi na Uchungu wa Kujifungua

Mimi ni muuguzi mkunga hapa Dodoma. Mama akishavuka mwezi wa saba, swali lake huwa hili: "Nesi, tumbo linakaza halafu linaachia. Ndiyo uchungu wenyewe?" Mara nyingi siyo. Ni mfuko wa uzazi unajikaza na kulegea bila kufungua njia. Daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliieleza mikazo hiyo mwaka 1872, na vitabu vya ukunga bado vinaiita kwa jina lake. Mtaani wanasema uchungu wa uongo. Mimi nasema mikazo ya mazoezi, kwa sababu mama anayeisikia hadanganyi: tumbo kweli linakaza. Inaweza kuanza kusikika mwezi wa nne au wa tano, ila wengi huigundua miezi mitatu ya mwisho, na aliyewahi kuzaa huitambua mapema kuliko mwenye mimba ya kwanza.

Kwanza kabisa: yasiyosubiri hatua yoyote

Nayaweka mwanzoni makusudi. Ukiwa na mojawapo ya haya, usihesabu chochote, nenda kituoni: damu inatoka ukeni; chupa imepasuka (hata kama huna maumivu); tumbo limekakamaa, linauma na haliachii kabisa (maana kondo la nyuma linaweza kuwa limeanza kubanduka); mtoto amepunguza kucheza; kichwa kinauma sana; macho yanaona ukungu; uso na mikono vimevimba; umepata degedege; au una homa. Na kama uliwahi kujifungua kwa upasuaji, mikazo inayojirudia ikianza kuuma, usikae nyumbani kuipima. Kidonda cha zamani kwenye mfuko wa uzazi kinaweza kuachia.

Huna usafiri? Piga 115. Ni namba ya bure ya m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Iandike kwenye simu yako na ya baba leo hii.

Hatua ya 1: Fungua kadi ya kliniki, jua una wiki ngapi

Mimba huhesabiwa wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mpaka ulio muhimu kwetu ni wiki ya 37. Kabla ya hapo mtoto hajatimia, na mikazo inayojirudia ina uzito mwingine. Kama hukumbuki tarehe zako, muulize mkunga akukadirie na aandike kwenye kadi. Usihesabu kwa miezi ya kichwani, utakosea.

Hatua ya 2: Ligusie tumbo kwa mkono

Lala chali kidogo, kichwa kikiwa kimeinuliwa, weka kiganja juu ya kitovu. Mkazo ukija, bonyeza taratibu kwa vidole. Sisi wakunga tunafundishwa kulinganisha hivi: tumbo lililolegea ni laini kama shavu, na lenye mkazo mkali ni gumu kama paji la uso. Mikazo ya mazoezi mara nyingi hushika upande wa mbele tu, au chini ya kitovu, na inakera kuliko kuuma. Uchungu wa kweli kwa wengi huanzia mgongoni au kiunoni, ukazunguka mpaka mbele, ukashuka kwenye nyonga. Nasema kwa wengi, siyo wote. Wapo wanaosikia uchungu wa kweli mbele tu, kwa hiyo usiamue kwa kipimo hiki peke yake.

Hatua ya 3: Badilisha kitu, uone kama tumbo litaacha kukaza

Kipimo hiki ndicho ninachokiamini zaidi nyumbani. Mikazo ya mazoezi mara nyingi huwa na kichochezi, na kichochezi kikiondoka nayo hupungua.

Anza na kukojoa, hata kama hujisikii sana. Kibofu kilichojaa kinausukuma mfuko wa uzazi, nao unajikaza. Kisha kunywa maji, vikombe viwili vikubwa, taratibu. Kwa sisi wa Dodoma hili lina maana ya pekee. Jua la Oktoba na Novemba na upepo mkavu vinakunyonya maji bila wewe kuona jasho, na mama anayetembea mbali kuchota ndoo huwa wa mwisho kuinywa. Mwili ukikaukiwa, tumbo linakaza. Nimewaona wengi wakija wametoka shambani kuvuna karanga au mtama, midomo mikavu, mkojo mweusi. Wakinywa maji na kulala kivulini, mikazo inapungua kabla hata ya kupimwa. Mkojo wako uwe wa rangi ya kupauka. Ukiwa wa rangi ya chai, bado hujanywa vya kutosha.

Ukishakunywa, geuza ulichokuwa unafanya. Ulikuwa umesimama au umebeba mzigo? Lala ubavu wa kushoto, kwa sababu ukilala hivyo tumbo haliubani mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ulikuwa umelala au umekaa sana? Inuka utembee uani polepole. Kuoga maji ya uvuguvugu nako kunasaidia. Tendo la ndoa pia linaweza kuleta mikazo ya muda, na kwa mimba isiyo na tatizo si jambo la kuogopa.

Kuna vitu viwili usivitumie. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni si salama kwa mimba kubwa, hata kama duka la dawa liko karibu na muuzaji ni jirani yako. Na dawa za kienyeji za "kuongeza uchungu" nakusihi uziache kabisa, hata akikuletea mama mkwe kwa upendo. Zinaweza kuleta mikazo mikali isiyopumzika, mtoto akakosa hewa au mfuko wa uzazi ukapasuka. Mweleze mama mkwe kwa heshima kwamba nesi amekataza. Mimi niko tayari kubeba lawama hiyo.

Kitu kimoja zaidi: kama mikazo inakuja pamoja na mkojo unaowasha au unaouma, unaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Maji hayatatosha. Nenda upimwe.

Hatua ya 4: Hesabu kwa saa

Kama baada ya saa moja hivi tumbo bado linakaza, chukua karatasi na simu. Andika mkazo unapoanza na unapoisha. Nafasi kati ya mikazo hupimwa tangu mmoja unapoanza mpaka mwingine unapoanza. Wengi hupima tangu ulipoisha na kupata hesabu nyingine. Andika saa kama simu inavyoonyesha, usianze kubadilisha 21:10 kuwa saa tatu na dakika kumi ukiwa unaumwa.

Mikazo ya mazoezi inakuja ovyo. Mmoja saa 21:10, mwingine 21:32, wa tatu 21:41, kisha kimya mpaka 22:20. Uchungu wa kweli unajipanga: dakika 15, 12, 10, 8. Kila mmoja unadumu zaidi kuliko uliotangulia, unauma zaidi, na ukifika kileleni huwezi kumaliza sentensi uliyoanza. Angalia mwelekeo, siyo mkazo mmoja. Ute mzito wenye michirizi ya damu, siyo damu yenyewe inayotoka, ni dalili nyingine kwamba njia inajiandaa.

Mimba ikiwa chini ya wiki 37, ukipata mkazo kila dakika 10 au mara nyingi zaidi, nenda hospitali hata kama hauumi. Huko wanaweza kuchoma sindano za kusaidia mapafu ya mtoto kukomaa, nazo zinahitaji muda kabla hajazaliwa ili zifanye kazi vizuri. Saa chache ulizokaa nyumbani ukivumilia haziwezi kurudishwa.

Hatua ya 5: Pima umbali wako

Ushauri wa "subiri mpaka mikazo iwe kila dakika tano" unamfaa mama wa Makole au Area C mwenye mimba ya kwanza na bajaji mlangoni. Haumfai aliye kijijini Bahi, Chemba au Mpwapwa, ambaye kati yake na kituo kuna korongo. Mvua za Desemba mpaka Aprili zikinyesha, korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi linajaa maji jioni, na bodaboda havuki. Wewe uliye huko, mikazo ikianza tu kujipanga, ondoka. Bora zaidi, ikifika wiki ya 36 au 37 katika msimu wa mvua, hamia kwa ndugu aliye karibu na kituo, au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua kama ipo. Zungumza na mume na wazazi mapema, pesa ya nauli iwekwe pembeni.

Mama wa mimba ya tatu na kuendelea naye asisubiri, hata akiwa mjini. Njia yake inaweza kufunguka haraka sana.

Hatua ya 6: Ukifika kituoni

Toa kadi na ile karatasi. Sema una wiki ngapi, mikazo ilianza lini, mtoto anachezaje, na kama kuna maji au damu. Mkunga atasikiliza mapigo ya mtoto, atashika tumbo, na ikibidi atapima njia.

Unaweza kuambiwa njia haijafunguka, au imefunguka sentimita 2 tu, urudi nyumbani. Hujasumbua mtu. Rudi tena hata kesho, hata usiku huohuo, ukiona mambo yamebadilika. Ila kabla hujaondoka, mweleze unakaa umbali gani, na umwulize: "Kwa hali yangu na umbali huu, nirudi nikiona nini?" Mwombe aandike jibu kwenye kadi, ili atakayekusindikiza naye alisome.